Kengele ya Ukumbini

Jioni ile Atupele alilala bila kuvua viatu. Mchana kutwa alikuwa zahanati, akiwatazama wauguzi wakiiaga programu aliyowatungia mwenyewe. Kila mtandao ulipokatika ilimeza taarifa za wagonjwa, na leo mganga mfawidhi amesema basi, wanarudi kwenye makaratasi. Ya nini, basi, zile safari zake za mikutano ya watunga programu, na akiba yote iliyoishia huko? Gwamaka, mwenzake wa kazi, alimwambia bila kupepesa macho, "Dada, kila mwaka unakwenda kutafuta dawa, unarudi na fulana." Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Alitaka kulia, machozi yakakataa.

Usingizini akajiona mbele ya lango refu. Bibi mwenye bashasha, jina lake Tumaini, akamvika beji shingoni akisema, "Karibu mwanangu, humu hakosi mtu kitu." Ndani ilikuwa nchi nzima ya kumbi, na wenyeji wake walisalimiana wakitazama beji, si nyuso. Jukwaani alisimama Majivuno akionyesha programu isiyokwama kamwe, maana haikuwa na mtumiaji hata mmoja, nao wakampigia makofi mpaka viganja vikawaka moto. Papara aligawa stika. Husuda alinyemelea wakubwa apigwe nao picha. Atupele akazunguka na swali lake moja, mtandao ukikatika nifanyeje, akaona aibu kulitoa mbele ya watu wale. Beji ikazidi kumlemea shingo.

Wakati wa mapumziko akatokea kibarazani, penye birika la chai. Pale alikaa mwanamke mpole, kikombe mkononi.

"Mimi ni Maarifa," akasema. "Wengi hunitafuta jukwaani. Keti, mwanangu. Yanayosemwa kule ndani yanarekodiwa, utayatazama kwako umejinyoosha kitandani. Ya hapa hayarekodiwi. Haya, nini kinakusumbua?"

Atupele akamweleza yote, na kwa mara ya kwanza kifua kikawa chepesi. Maarifa akatikisa kichwa taratibu.

"Ugonjwa huo naujua, na dawa yake ninayo. Sasa sikiliza. Cha kwanza..."

Kengele ikalia. Watu wote wakainuka kama kuku waliomwagiwa mtama, na miguu ya Atupele ikainuka nao.

"Samahani mama, nisije nikakosa viti vya mbele. Tutatafutana!"

Mkamia maji hayanywi. Alipogeuka mlangoni kibaraza kilikuwa kitupu, na kile kikombe bado kinafuka mvuke.

Akazinduka akihema. Beji zake zilining'inia ukutani kwenye msumari mmoja. Ndipo alipomkumbuka mama wa Tabora, kwenye mkutano wa mwaka jana, wamesimama kwenye foleni ya chai. Mama yule naye alitungia zahanati programu, mtandao wa huko ulikatika vilevile, na tatizo alishalimaliza. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kueleza, kengele ikalia. Atupele hakumuuliza jina. Aliona liko kwenye beji, akadhani yatosha. Sasa hakumbuki hata herufi moja.

Machozi yakaja. Mkutano haukumnyima kitu; alipewa, akakimbia. Hotuba aliyoiwahi siku ile ipo kwenye simu yake mpaka leo. Hajawahi kuifungua.