Maji ya Kuamsha Pampu

Siku ya maji, keateka wetu Gitonga, mtunza jengo, hufunga geti la ploti kwa kufuli. Watu wa ploti jirani wakisikia pampu huja na mitungi, naye hataki vurugu. Geti hufunguliwa tangi la paani likijaa.

Leo pampu ilikuwa imevuta hewa. Ilinguruma bure, bomba likabaki kavu hadi ghorofa ya sita. Mimi nilikuwa getini, begi begani. Mtihani wa bayolojia ulikuwa jioni hii, na asiyeufanya Mwalimu Ochola hamsajili kwa mtihani wa taifa. Nina miaka arobaini na sita. Nafasi hii ya kurudi darasani niliiomba kwa magoti.

"Fungua kidogo tu, Gitonga."

"Mama Tiffany, nikifungua wataingia wote. Si unawaona?" Nje mitungi ya manjano ilishajipanga. "Pampu inataka maji ya kuiamsha. Kisima kimezibwa kwa zege, siwezi kuchota. Nani ana maji humu?"

Wapangaji walikuwa wamejazana uani. Kila nyumba ilikuwa na mtungi uvunguni, na kila mtu aliapa hana. Nami wangu sikuutaja.

Nilishika vyuma vya geti nikasali: Bwana, nitoe humu. Kufuli halikutikisika. Nililokumbuka ni somo la Jumanne. Mirija ya zailemu, inayopandisha maji mtini, ni seli zilizokufa, mifereji mitupu. Kando yake hukaa seli hai, parenkaima, zimefungiwa mumo humo na akiba yao. Hewa ikikata mkondo, alisema Mwalimu, inadhaniwa seli hizo hutoa maji yao ili mrija ujae tena. Nilikuwa nimeyakariri kwa ajili ya alama.

Nikapanda ngazi, nikashuka na mtungi wangu wa pekee. Gitonga akaumimina wote kwenye pampu. Pampu ikakohoa, kisha ikanguruma bure kama mwanzo.

"Umemwagia shimo," Awiti wa ghorofa ya kwanza akacheka. "Leo hata chai hunywi, mwanafunzi."

"Nitakunywa kwako."

"Kwangu? Na nimeshaapa sina maji!"

Watu wakaangua kicheko. Awiti akafyonya, akaingia kwake, akarudi na ndoo kichwani. "Asiniulize mtu imetoka wapi." Nyuma yake milango ikaanza kufunguka, mitungi ikatolewa.

Pampu ilipokamata maji, bomba lilitetemeka ukutani. Wote wakakimbilia mifereji yao, na Gitonga akakimbilia paani, funguo mfukoni. Nikabaki getini peke yangu, sketi imelowa, maji yakinipita kwenda juu.

"Gitonga!" Awiti akapaza sauti dirishani. "Funguo ya mwanafunzi!"

"Tangi halijajaa!"

"Geti nitalinda mimi! Tupa!"

Soksi yenye funguo ikaanguka kutoka paani, ikalia kwenye saruji. Awiti alishuka na mwiko wa ugali mkononi, akafungua kufuli, akauziba mwanya kwa mwili wake.

"Pita ubavuubavu," akaninong'oneza. "Na ukifeli, usirudi."

Nikavuta pumzi, nikapenya.