Siku Waitara Alipojibu Nzuri

Kemambo nzima ilijua kwamba ukimsalimia mzee Waitara, umejitakia. Wenye haraka walimpita kwa kuinua mkono tu. Mgeni asiyejua akiuliza habari za asubuhi, alisimamishwa palepale njiani akasomewa yote: mgongo, mbuzi wa jirani, mvua iliyochelewa, na kama ilikwisha kunyesha, mvua iliyozidi. Halafu ikaja rashi, zile mbio za kusaka dhahabu. Vijana wakamiminika kutoka kila kona na nyundo na sururu, wakachimba maduara, yale mashimo yao marefu, hadi kando ya njia, na Waitara akapata malalamiko mapya. Vibarua wa kung'oa mihogo yake hakuna, wote wameingia shimoni. Kuku hawatagi kwa kelele za mashine za kusaga mawe. Na dhahabu yenyewe inatoka kwenye mashamba ya wenzake wote, ila lake Mungu amelipita bila hata kuligeukia.

Hata kanisani alilalamika, na huko ndiko alikoharibu zaidi. Mchungaji Joel alikuwa na desturi ya kuwapa waumini nafasi ya kushuhudia, na Waitara ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama. Alisema "Bwana asifiwe," watu wakaitika ameni, na ameni ya mwisho ndiyo hiyo. Yaliyofuata yalikuwa mashtaka. Jumapili moja Mchungaji akahubiri jinsi wana wa Israeli walivyoinung'unikia mana kule jangwani, akamlenga yeye waziwazi mpaka watu wakageuza shingo kumtazama. Ibada ilipokwisha, Waitara alimfuata mlangoni akamshika mkono. Akasema neno la leo limemgusa sana, maana na yeye siku zote ameona wale watu walionewa, kula mana miaka yote ile bila mboga.

Aliyechoka wa kwanza, jamani, hakuwa Mchungaji. Alikuwa Robi, mke wake. Robi hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila alfajiri alishuka mtoni na ndoo, akapanda nayo kilima ikiwa kichwani, akaitua jikoni, na Waitara akainama kuyakagua maji. Leo yana tope. Leo umechelewa. Jirani akisema mama huyu anaumia, Waitara alijibu kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye, akaendelea na chai. Basi asubuhi moja aliyaonja akasema yana ladha ya ndoo. Robi akafuta mikono kwenye kanga, akafunga nguo zake, akaenda kwa dada yake, mtaa wa Nkende, Tarime mjini. Hakugombana. Angegombana ingekuwa nafuu.

Siku ya kwanza Waitara alilalamika peke yake kutwa nzima. Jioni akagundua kwamba malalamiko yasiyo na msikilizaji hayana utamu. Siku ya pili aliogopa. Alimpenda Robi, na hakuwahi kulisema hilo hata mara moja, na sasa jiko lilikuwa baridi na kiti cha Robi kilikuwa kimeegemezwa ukutani alivyokiacha mwenyewe. Akamtuma Mchungaji Joel aende Nkende kumwombea msamaha.

Mchungaji alirudi na jibu. "Mama Mokami anasema hivi," alisema. Mokami ni binti yao mkubwa, aliyeolewa Mbalibali. "Ukae Jumapili hadi Jumapili bila kunung'unika, useme asante kwa kila litakalokujia. Ukiweza, anarudi nyumbani. Ukishindwa, yeye na dada yake wana biashara yao ya maandazi, usimsumbue tena."

"Na nani atanichunga?"

"Wakristo wote wa hapa ama ni ndugu zako, watakuficha, ama wana kesi na wewe, watakuzulia. Nimemwomba Dullah."

Dullah alikuwa na duka pale senta, upande mmoja anauza sukari, upande wa pili ananunua dhahabu. Alikuwa Mwislamu mwenye swala tano, na mwanzoni alikataa. Alimwuliza Mchungaji atasimamiaje nadhiri ya kanisa yeye anayeswali msikitini. Mchungaji akamwambia ndiyo sababu hasa. Dullah akacheka, akakubali, ila akatoa sharti kwamba kama mzee akishindwa, asije mtu kusema Waislamu ndio walimponza.

Jumatatu asubuhi mtungi ulikuwa mkavu. Sasa hapo pana jambo la kuelewa. Mwanamume wa Kikurya mwenye wajukuu hachoti maji. Akionekana na ndoo kichwani, watoto watamwimba mpaka azikwe. Waitara alitoka kabla hakujapambazuka, akajaza ndoo, akaifunika kwa gunia, akaipandisha begani na kupitia vichakani. Akisikia hatua za mtu, anachuchumaa. Kilima kile, alichokuwa amekitazama maisha yake yote kutoka kwenye kiti, kilikuwa kimerefuka. Alipofika juu shingo ilikuwa inawaka moto. Alifungua kinywa aseme lake, akakumbuka.

"Asante Bwana," alisema meno yameumana. "Kwa ajili ya shingo."

Kisha akaenda senta kununua sukari. Dukani palikuwa na watu, na Werema, kiongozi wa kundi la wachimbaji, alikuwa kwenye benchi anakunywa chai.

"Shikamoo mzee Waitara," alisema Dullah. "Habari za asubuhi?"

Wateja wawili wakaanza kutafuta njia ya kutoka.

"Marahaba. Nzuri," alisema Waitara. "Namshukuru Mungu."

Mama mmoja aliyekuwa anapokea chenji alibaki kanyoosha mkono. Waitara alichukua sukari yake, akaitazama, akaona imepungua kwenye kipimo, akameza mate, akasema asante kwa sukari, akaondoka. Na kwa kuwa alijua kinywa chake kikikaa bure kitamsaliti, akaanza kuimba pambio njiani.

Werema aliweka kikombe chini polepole. "Mura," alimwambia kijana mwenzake, "umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Huyu mzee tangu nizaliwe hajasema nzuri. Amepata."

Mwenzake akasema yeye alishangaa tangu alfajiri, maana alimwona mzee akitoka mtoni na kitu kizito begani, kimefunikwa gunia, na alipoona watu akajificha. Mtoni ndiko watu wanakooshea mchanga wa dhahabu. Mtu anayebeba maji ya kawaida anafunika nini? Na wote wanajua mwanamume mwenye heshima zake habebi maji. Basi si maji. Hesabu ikakamilika bila kalamu, na kabla chai haijapoa ilikuwa imefika senta ya pili. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Maskini Waitara hakujua kitu. Kila alfajiri aliendelea kujificha na ndoo yake, na kila mchana aliimba. Mbuzi wa jirani walipoingia kwenye mboga, aliimba. Alipounguza ugali, aliimba kwa sauti zaidi. Na kila pambio lilipopanda, kule kwenye maduara vijana walitazamana.

Alhamisi asubuhi alifungua mlango akakuta shamba lake la mihogo limejaa watu. Werema alikuwa mbele, kofia mkononi, kwa adabu zote.

"Shikamoo, tata," alisema, kama anamwita baba yake. "Tumekuja kwa heshima. Mwenye shamba ana mgao wake, hatuwezi kukudhulumu."

"Mgao wa nini? Hapa hakuna dhahabu."

Vijana wakaangaliana wakatabasamu. Hivyo ndivyo anavyosema kila mwenye dhahabu.

Waitara akahisi maneno yanapanda kutoka tumboni. Yalikuwa maneno mazito, ya Kikurya, ya kuwagusa hadi babu zao. Alikuwa amekwisha kuvuta pumzi alipomwona Dullah amesimama njiani na tasbihi, anamtazama. Kwapani alikuwa na mizani yake ya dhahabu, kwa tahadhari tu. Waitara akaiona Nkende mawazoni, akauona mlango wa shemeji yake, akamwona Robi anageuza maandazi na hageuzi kichwa. Akayameza maneno yote. Likabaki moja la kutolea ile pumzi.

"Bwana asifiwe," alisema kwa sauti nyembamba.

"Ameni," likaitika kundi zima, wakachukua hiyo kuwa ruhusa, wakaanza kuchimba.

Alikaa kwenye kiti chake akiutazama mwisho wa shamba. Mihogo iling'olewa na kurundikwa kando. Udongo ulirushwa mpaka kwenye paa la jiko. Aliimba mapambio yote anayoyajua, akamaliza, akaimba ya watoto wa shule ya Jumapili, machozi ya hasira yakimtoka. Kwa mbali mtu alisema mtazame mzee alivyofurahi, hili duara lazima ni la moto. Nao wakazidisha nguvu.

Ijumaa alasiri shimo lilikuwa limewameza watu watatu, mmoja juu ya mwingine kwenye ngazi, mara kelele zikaanza chini. Werema alitoka ameloa matope hadi kifuani.

"Limeingia maji," alisema. "Si kidogo. Yanapanda."

Kwa mchimbaji hakuna habari mbaya kuliko hiyo. Wote wakaanza kulalamika kwa pamoja. Huyu mgongo wake. Huyu alijua tangu mwanzo. Huyu ana bahati mbaya tangu utoto, Mungu huwapa wengine yeye humruka. Waitara aliwasikiliza. Aliyajua maneno yale moja moja, mpaka pumzi za katikati alizijua. Yalikuwa yake, na yalimchosha.

Aliinuka akaenda ukingoni. Maji yalikuwa yamepanda, yakitulia taratibu, na toka pale hadi mlango wa jiko mtoto angeweza kurusha jiwe likafika. Akateremka ngazi mbili, akachota kwa kiganja. Shingo yake bado ilikuwa inauma kwa ndoo ya asubuhi. Alifikiri juu ya shingo ya Robi. Alifikiri juu ya asubuhi zote zile, kile kilima, mvua, utelezi, na yeye hapa kwenye kiti akingoja kunusa. Akalia, safari hii si kwa hasira.

"Pole, tata," alisema Werema. "Hata sisi imetuuma."

"Mura, ni maji."

"Tunajua ni maji."

"Hapana," alisema Waitara. "Hamjui."

Akapiga magoti kwenye matope akamshukuru Mungu kwa sauti ya kawaida, bila kuimba, bila kumtafuta Dullah kwa macho. Vijana walivua kofia. Werema mwenyewe alisema ameni, ingawa hakuelewa imehusu nini.

Jumamosi maji yalikuwa yametulia. Waitara alijaza ndoo, akakunja gunia akaliacha jikoni, akaipandisha ndoo kichwani jua likiwa limewaka, akashika njia ya katikati ya senta. Watoto walimwona kabla hajafika. Wakaimba, kama alivyojua wataimba, na mama mmoja akaita wenzake waje kuona. Maji yalimwagikia masikioni. Aliwasalimia wote.

Dullah akatoka dukani mbio. "Mzee, unakwenda wapi? Makubaliano ni Jumapili. Mpaka sasa umepita, mimi ni shahidi. Ukimfuata leo akikasirika, umeharibu yote."

"Kama atakasirika, atakasirika. Siwezi kukaa na haya maji mpaka kesho."

Dullah alimtazama, akaingia ndani, akarudi na kifuniko cha plastiki. "Cha kupanda nacho bodaboda tu," alisema. "Siyo cha kujificha."

Alifika Nkende ndoo imebaki nusu na suruali imeloa. Robi alikuwa uani mbele ya karai la mafuta. Alimtazama mume wake, akatazama ndoo, akatazama shingo ilivyopinda. Hakusema karibu, na hakusema ondoka. Akachukua kikombe, akachota, akaonja.

"Yana udongo," alisema.

"Ndiyo."

"Yametoka wapi?"

"Karibu na mlango wa jiko lako. Pana kisima. Wachimbaji walitafuta dhahabu."

Robi akaweka kikombe chini. Akakaa kwenye kigoda, na kitu fulani kikafunguka ndani yake, kilichokuwa kimefungwa tangu alipoletwa Kemambo kama bibi harusi.

"Karibu na mlango," alisema. "Kumbe yalikuwapo siku zote. Mimi napanda kilima na mimba ya Mokami. Napanda na homa. Unakumbuka ile siku ya mamba? Nilikimbia mpaka nyumbani, nguo zimechanika. Unakumbuka uliniuliza nini?"

Waitara alikumbuka. "Nilikuuliza ndoo iko wapi."

"Uliniuliza ndoo. Na watu ukawaambia mimi ni ng'ombe na nundu yangu. Nilisikia, Baba Mokami. Nilikuwa palepale mlangoni."

Mafuta yalikuwa yanaungua, dada yake akaja akaliondoa karai kimya kimya. Waitara alibaki amesimama, maji yakimdondoka kwenye mikono. Wiki nzima alikuwa amesema asante kwa sukari, kwa shingo, kwa mbuzi.

"Asante, Robi," alisema.

"Asante ya nini?"

"Ya maji. Yale ya mtoni."

Robi akajifuta uso kwa pindo la kanga, akainuka, akaingia ndani, akatoka na fungu lake la nguo.

"Sijamaliza," alisema. "Nina mengi. Kuna habari ya kuni bado."

"Endelea," alisema Waitara, akampokea fungu. "Nakusikiliza."

Wakapanda bodaboda, fungu la nguo katikati yao, na Robi akaanza na kuni.