Meza ya Ndoo

"Ni ile siku ambayo haifiki," alisema binti mmoja mezani, kadi ameibana kifuani wenzake wasiione. "Ukimwomba mama akusikilize, anaitaja. Ukimwomba baba, anaitaja hiyo hiyo. Unalala, unaamka, haijafika."

"Baadaye," meza nzima ikajibu kwa pamoja, wakacheka mpaka mmoja akateleza kwenye benchi.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya darasa, kitambaa mkononi, nakausha vitabu. Chupa ya maji ilikuwa imemwagika juu ya meza na kurasa zilikuwa zimeanza kuvimba. Nilicheka pamoja nao. Jibu lilikuwa tamu, na kwa mtoto wa darasa la pili lilikuwa na ukomavu wa kumshtua mtu mzima. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Huyo aliyekuwa ameeleza neno lililoandikwa kwenye kadi, kwa nilivyojua mimi, na alivyojua Mwalimu Mkuu, na ilivyojua shule nzima, hakuwa anajua kusoma.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa msichana mwenye sauti kubwa na imani kubwa zaidi, na darasa langu lilikuwa la mwisho kwenye kibaraza, lenye dirisha moja lisilofunga na ubao uliopauka katikati kwa kufutwafutwa. Nikawagawa watoto katika meza nne za kusoma, kila meza na vitabu vya kiwango chake. Ili asijue mtu nani yuko juu na nani yuko chini, meza nikazipa majina ya vyombo: Kikombe, Sufuria, Mwiko na Ndoo. Nilijiona mjanja kweli kweli. Kabla ya mapumziko ya siku hiyo hiyo kila mtoto alishajua kwamba Kikombe ndio vichwa na Ndoo ndio mkia. Hawakuhitaji kuambiwa na mtu. Walitazama tu mwalimu anakaa wapi.

Nilikaa Ndoo. Kila asubuhi nilivuta kiti changu katikati yao, nikapitisha kidole chini ya maneno, nikasubiri, nikasifu, nikafuta pua. Kikombe walijisomea wenyewe karibu na dirisha, wametulia tuli, na mimi nilishukuru kwa utulivu wao. Mkubwa wao alikuwa mvulana tuliyemwita Profesa, ambaye alimaliza kitabu wakati wenzake bado wanautafuta ukurasa. Akimaliza ananyoosha mkono, nampa kingine. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwaka mzima.

Na pale Ndoo, mkono wangu wa kulia, alikaa Mama Mkwe. Jina hilo alipewa na wenzake. Alikuwa na mazoea ya kukunja mikono kifuani na kukutazama kuanzia viatuni kwenda juu, kana kwamba umekuja kumwoa mwanawe na yeye bado hajaridhika. Ilipofika zamu yake ya kusoma alianza vizuri, "ba," halafu "ba" tena, halafu anashusha pumzi kama aliyetua gunia na kuninyanyulia macho. Nami nasogea. Nikisogea, anaegemea begani kwangu na tunasoma pamoja, mimi natangulia, yeye anafuata.

Baada ya kusoma ndipo mfuko ulipotoka. Niliushona mwenyewe kwa kitambaa cha pazia la zamani na kuujaza kadi zenye maneno. Unachomoa kadi, unaisoma kimoyomoyo, unalieleza neno bila kulitaja, wenzako wanabuni. Hapo ndipo watoto walipokuwa wanachangamka, hata wale wanaosinzia. Mmoja aliwahi kueleza "fahari" kuwa ni namna kaka yake anavyotembea akitoka kwa kinyozi, na neno hilo halijasahauliwa na mtu. Meza nyingine walisoma kadi zao wenyewe. Pale Ndoo nilikuwa namnong'oneza mchomoaji sikioni. Siku ya maji yale kumwagika niliwaambia wanisubiri kidogo, na Mama Mkwe, ambaye mchezo ule aliupenda kuliko chakula, akashindwa kusubiri. Kwa utamu wa mchezo, siri yake ikamponyoka.

Siri hiyo ilikuwa na bei. Mwalimu Mkuu, mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa na sheria aliyoishika kwa mikono miwili: mtoto wa darasa la pili atakayeshindwa kumsomea ukurasa mmoja mwisho wa muhula anarudi darasa la kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia, "Binti, darasa la tatu halina huruma. Kama ni kulia, alie huku chini, ambako kuna watu wa kumfuta machozi." Wiki ya kusomewa ilikuwa imekaribia, na jina la Mama Mkwe lilikuwa la kwanza kutajwa ofisini. Huko darasa la kwanza alikuwepo mdogo wake wa kufuatana, mvulana mwenye mdomo usio na mlango, ambaye tayari alikuwa ametangaza kibarazani kwamba dada yake anahamia kwao na amemwekea nafasi kwenye benchi lake.

Mchana wa siku ile ya maji nilimwomba Mama Mkwe abaki anisaidie kukusanya kadi. Wenzake walipotoka nikamfungulia kitabu cha Kikombe, kile kinene cha bata aliyepotea sokoni, nikakisukuma mbele yake. Alikitazama. Akanitazama. Akaanza, "ba."

"Nimekusikia leo," nikamwambia. "Kadi ya 'baadaye' nani alikunong'oneza?"

Aliinama, akahesabu vidole vya miguu vilivyokuwa vinachungulia kwenye viatu vyake. Nilidhani atalia. Badala yake akakunja mikono, akaamua kunieleza jambo ambalo ni wazi aliona nimechelewa mno kulifahamu.

"Mwalimu, wakijua kusoma unawaacha," alisema. "Kule Kikombe hujawahi kukaa. Wanajisomea tu, kama watu wanaongoja kuitwa na daktari."

Nimefundisha miaka mingi tangu hapo. Nimekaa kwenye semina za siku nzima, nikasikiliza watu wenye vyeo wakieleza kwa michoro kazi ya kumfundisha mtoto kusoma. Sijapata kusikia kazi yangu ikipimwa kwa maneno machache kiasi kile. Nilikuwa nimejenga ngazi ambayo kila anayeipanda anazidi kuwa mpweke, halafu nikashangaa mtoto mwenye akili timamu amekataa kuipanda.

Nilijitetea kidogo, kama tufanyavyo watu wazima. Nikamkumbusha darasa la kwanza, benchi la mdogo wake, aibu ya kuvaa sare ya mkubwa na kuimba nyimbo za wadogo. Alinisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama mwalimu wa darasa la kwanza huwa anakaa na watoto. Nikasema, bila kufikiri, kwamba anakaa nao wote, tena kutwa nzima. Mama Mkwe akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeulizia nyumba ya kupanga na kuambiwa maji yapo. Nikajua nimejifunga goli mwenyewe.

Jioni nilimngoja mama yake getini. Alikuja na pacha wachanga, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, na usingizi usoni. Sikumwambia siri ya mwanawe. Nilimuuliza tu hali ya nyumbani. "Mwalimu, kwa vilio vya hawa, mwenzio hata mimi mwenyewe sijisikii," akasema, na tukacheka wote wawili, yeye akiwa anayumba kidogo ili yule wa mgongoni asiamke. Mama Mkwe alikuwa amemshika kitenge kwa nyuma, anangoja tumalize.

Ningeweza kwenda ofisini kusema kwamba mtoto huyu anasoma. Mwalimu Mkuu angemwita, angembana, na pengine ukurasa ungetoka. Lakini mtoto aliniamini, na mimi nilitaka asome kwa sababu ametaka. Kwa hiyo kesho yake nilivuta kiti changu kwa kelele za makusudi, nikaenda kukaa Kikombe.

Ilikuwa vurugu tupu. Ndoo waliona wamefiwa. Mmoja alianza kulia, mwingine akapanda benchi ili anione vizuri, na wawili wakaanza kupigana kwa kifutio. Kikombe nao walikakamaa, hakuna aliyetaka kutoa sauti, na Profesa alinitazama kwa wasiwasi kana kwamba nimekuja kumfungulia mashtaka. Sikurudi nyuma. Siku zilizofuata nilizunguka meza zote kwa zamu, na mahali ambapo sipo niliwapanga wawili wawili: mmoja anasoma, mwenzake anasikiliza, na msikilizaji lazima aulize swali moja juu ya neno moja. Kusikiliza nikakufanya kazi ya darasa kama hesabu. Wiki ile chumba changu kilisikika mpaka barabarani, na jirani yangu, mwalimu wa mkondo mwingine wa darasa la pili, alikuja mara mbili kuuliza kama kuna mtu ameumia.

Mama Mkwe aliwasikiliza wenzake kwa ukali, akawauliza maswali mpaka wakatoka jasho. Ilipofika zamu yake mwenyewe alisema "ba" na kushusha pumzi. Alikuwa ananitazama tu ninavyozunguka, anapima kama mwalimu huyu amebadilika kweli au ni homa itapita. Nilikosa usingizi kwa ajili yake, nasema kweli.

Siku ya kusomewa Mwalimu Mkuu aliingia, akakataa kiti changu, akakaa kwenye benchi la Ndoo, magoti yakapanda mpaka karibu na kidevu. Akawaita mmoja mmoja. Wakasoma, wengine kwa kukwama, wengine kwa kukimbia, na kila aliyemaliza ukurasa wake aliambiwa "vizuri, nenda." Akabaki Mama Mkwe. Mzee akamfungulia kitabu chembamba cha Ndoo. Mama Mkwe akakunja mikono. Nilisimama nyuma, nimeshika chaki mpaka ikavunjika. Mwalimu Mkuu alinigeukia kwa huruma, na nikaona sentensi ya darasa la kwanza ikijipanga mdomoni mwake.

Ndipo Mama Mkwe alipokifunga kile chembamba, akanyanyuka, akaenda mezani kwangu na kurudi na kile kinene cha bata. Hakuwa amekifungua bado.

"Mwalimu Mkuu," akasema, "utanisikiliza mpaka mwisho, au mpaka mwisho wa ukurasa?"

Yule mzee alivua miwani yake. Sidhani kama katika kazi yake yote mtoto aliwahi kumpa masharti. Alimtazama huyu aliyesimama mbele yake mikono imekumbatia kitabu, akaivaa miwani tena.

"Mpaka mwisho," akajibu.

Alisoma. Alisoma kwa sauti ya wazi isiyo na haraka, kila mhusika na sauti yake, bata akilalamika puani na mwuza vitunguu akifoka. Alipofika penye neno gumu alisimama, akamweleza Mwalimu Mkuu maana yake kwa upole, asije akapitwa, kisha akaendelea. Darasa zima liligeuka. Kengele ya mapumziko ikalia, na mzee, kwa mazoea tu, akaanza kuinuka. Mama Mkwe alinyoosha kidole kimoja bila kutoa macho kwenye ukurasa. Mwalimu Mkuu akakaa. Hakuna mtoto hata mmoja aliyetoka nje, na mimi nililia pale nyuma waziwazi, sikuona sababu ya kujificha.

Bata alipofika kwao, mzee alinigeukia. Aliniuliza kwa macho tangu lini, nami nikainua mabega. Akamwambia Mama Mkwe kwamba habari za darasa la kwanza zimekwisha, na kwamba kuanzia sasa meza yake ni Kikombe.

Nilimtazama akichukua mkoba wake. Hii ndiyo safari aliyoikwepa mwaka mzima, hatua chache tu za sakafu, na niliogopa ataishia katikati. Hakunitazama. Alienda moja kwa moja mpaka dirishani, akamsogeza Profesa kwa kiwiko, akakaa. Profesa alikuwa tayari ameshainamia kitabu kipya.

"Soma nisikie," akamwambia.

Profesa aliangalia kushoto na kulia kuhakikisha ni yeye anayeambiwa. Akaanza kwa sauti ndogo, kavu, ya mtu ambaye hajaombwa jambo hilo siku nyingi. Alisoma kwa kasi bila kukosea hata herufi. Mwishoni mwa mstari wa pili Mama Mkwe akaweka kidole juu ya neno moja, akauliza maana yake. Mwaka mzima nilikuwa nampa vitabu mtoto yule, na sikuwahi kumuuliza maana ya neno hata moja.

"Sijui," alisema, na masikio yakamwiva.

"Hata mimi," akasema Mama Mkwe. "Rudia tulisikilize vizuri."

Akarudia. Safari hii alisoma polepole, na alipofika penye lile neno walisogeza vichwa wote wawili mpaka vikagusana.