Kabati la Vifaa Vibovu

Kuna watu wanaoficha fedha chini ya godoro, na kuna wanaoficha godoro lenyewe. Bwana Kificho alikuwa wa kundi la pili. Jina hilo alibandikwa na wenzake kazini, naye hakununa hata kidogo. Alilipokea kama cheo.

Kazi yake ilikuwa kutunza seva, yaani zile kompyuta zisizolala, katika kampuni ndogo ya familia. Bosi alikuwa shemeji yake, mke wa kaka yake, mwanamke asiyepandisha sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Kaka mwenyewe alikuwa mtu wa kutafuta wateja: mdomo mtamu, mkono mwepesi wa kutoa, na siri haikai kwake hata ukiishonea mfuko.

Seva moja ilibeba kumbukumbu za zahanati ya akina mama. Humo mliandikwa nani ana mimba, nani imemharibikia, nani anatibiwa nini na hataki jirani wala wakwe wajue. Zingesomwa na mtu asiyehusika, kuna nyumba zingesambaratika. Kificho alilijua hilo na lilimkosesha raha, kwa hiyo akafanya anachokijua zaidi.

Kwenye mtandao kila seva ina milango yenye namba, na mafundi wote wanaijua namba ya mlango wa kuingilia. Yeye akaubadilishia namba. Kisha akaitoa mashine yenyewe kwenye chumba cha seva, akaiweka kwenye kabati la korido, akatoboa ukuta kwa nyuma apitishe nyaya na hewa, na mbele akaandika kwa herufi kubwa: VIFAA VIBOVU. Juu ya mashine akarundika kibodi zilizong'oka meno na printa iliyokufa zamani, ili uongo uwe na mashahidi.

“Shemeji, mwizi ataibaje kitu asichojua kilipo?” alisema huku akijipangusa vumbi.

“Na akijua?”

“Atajulia wapi? Tunajua mimi na wewe tu. Hata kaka usimwambie.”

“Nimfiche mume wangu kompyuta?”

“Hasa huyo!”

Shemeji alicheka, akakubali, lakini kwa sharti moja. Diski yote ifungwe kwa namna ambayo kila mara mashine inapowashwa, mtu aandike sentensi ndefu wanayoijua wawili hao, la sivyo yaliyomo yabaki kuwa vurugu tupu. Kificho alilalamika mpaka akakauka koo. Umeme ukikatika, aamke aje kuandika sentensi! Kufuli la nini kwenye nyumba isiyoonekana?

“Wewe funga tu, shemeji yangu,” alijibiwa.

Akafunga, kwa shingo upande.

Ikafika siku ya mkaguzi wa zahanati, aliyekuja kupima usalama wa kumbukumbu. Zahanati ilitaka kuamua jambo: ama iwakabidhi kumbukumbu za matawi yake yote, ama iwanyang'anye hata zile walizonazo. Zikichukuliwa, kampuni ilikuwa imekwisha, na Kificho angerudi kutengeneza simu za watu barazani. Tangu asubuhi alikuwa amekunywa maji tu.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi, mwenye kicheko cha karibu. Alipoketi tu, akasema, “Ule mlango wenu mliouhamisha nimeuona jana nikiwa nyumbani, kabla chai yangu haijapoa. Nina programu inayobisha hodi kila mlango, mmoja baada ya mwingine. Haichoki na haioni aibu.”

Tabasamu la Kificho likayeyuka.

“Usinune, kijana wangu. Kuuhamisha si kosa. Kunapunguza wazururaji wanaobishabisha ovyo. Ila usikuhesabu kuwa ni kufuli. Haya, nionyesheni mashine.”

Hapo Kificho akapata nguvu upya. Mlango sawa, ameuona, lakini kabati je? Akatangulia kwenye korido, kifua mbele, akageuza kitasa kwa madaha.

Kabati lilikuwa tupu. Lilikuwa limesuguliwa likang'aa, na lilinukia sabuni.

Kaka akatokea na kitambaa mkononi, uso umejaa furaha. “Mmeonaje? Nikasema mgeni asije akakuta makorokoro.”

“Kaka, vitu viko wapi?”

“Nimempa fundi redio wa ng'ambo ya barabara. Bure kabisa! Halafu kuna moja ilikuwa mbovu na taa zinawaka. Nikasema hivi hii inatumalizia umeme kwa kazi gani? Nikaing'oa.”

Shemeji alifumba macho. “Baba watoto, hiyo ndiyo seva ya zahanati.”

“Si imeandikwa mbovu!”

“Kaandika mdogo wako.”

Kaka aliwatazama mmoja mmoja. “Kwa hiyo mke wangu na mdogo wangu mmekaa, mkapanga, mkanificha kompyuta?”

Kificho alikwisha kuwa barabarani, anakimbia roho mkononi. Nakala ya kumbukumbu walikuwa nayo, kwa hiyo kupotea halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa macho. Akilini alimwona fundi akisoma, akimwita jirani, na jirani akimwita mkewe. Alijichukia. Wezi aliowaogopa hawakuhitajika hata kidogo. Maandishi yake mwenyewe yalitosha.

Alipoingia karakanani, mashine ilikuwa mezani, imefunuliwa kifuniko, na fundi amesimama mbele yake amefura.

“Afadhali umekuja! Mmenipa mashine gani hii? Nikiiwasha inadai sentensi. Nimeiandikia kila kitu, mpaka jina la mama mkwe wangu! Nikatoa diski nikaichomeka kwenye kompyuta yangu. Hebu ona.”

Kwenye kioo kulikuwa na herufi zisizo na kichwa wala miguu, utadhani kuku amekanyaga wino akatembea. Kificho aliziangalia kwa muda mrefu. Maishani mwake hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile, na alitamani kumkumbatia kila mtu mle ndani, fundi kwanza.

Wengine walikuwa wamefika wakihema. Mkaguzi alivaa miwani, akavuta stuli, akaanza kuijaribu diski mwenyewe kwa programu zake. Alibofya, akaguna, akabofya tena. Shemeji alisimama amemshika mumewe mkono. Mwishowe mkaguzi akavua miwani.

“Jaribio langu la mwisho,” alisema, “huwa ni kuomba nikabidhiwe mashine, nijifanye mwizi aliyekwisha kujua kila kitu. Watu wengi hunikatalia. Lakini ninyi,” na hapo kicheko kikaanza kumtikisa, “ninyi mmeing'oa wenyewe mkamletea fundi!”

Kaka ndiye aliyecheka wa kwanza, kisha fundi, kisha wote wakawa hoi, mbavu hawana. Kificho alicheka mpaka machozi, na nusu ya machozi yale yalikuwa ya kweli.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Alisema. Mbele ya kaka, mbele ya fundi na mteja aliyeleta redio yake, alimweleza mkaguzi namba ya mlango, aina ya diski, jinsi ilivyofungwa, na nakala inavyotunzwa. Kila alipotaja jambo moja alijisikia mwepesi zaidi, kama anayevua viatu vinavyobana.

“Na sentensi?” mkaguzi aliuliza kwa upole, kalamu tayari.

Kificho akafungua mdomo. Akaufunga.

“Hiyo, mama, hata wewe sikupi.”

Mkaguzi akaitia kalamu mkobani na kumpa mkono. “Kesho nawaletea kumbukumbu za matawi yote.”