Mtu wa Moscow

Mwaka 1994, Nasr alipokuja Ibra, Oman, kumposa Dalal, Bi Fawziya alimpenda mpaka pale aliposema Kirusi.

Bi Fawziya, shangazi na mlezi wa Dalal, aliondoka Unguja akiwa msichana, akasomea ukunga Leningrad. Nasr, injinia wa visima kule Mudhaibi, alisema amesoma Moscow. Bibi akafurahi kupata wa kuzungumza naye. Akamwuliza kwa Kirusi, "Funguo za gari umeziweka wapi?"

"Na masata," Nasr akajibu bila kufikiri.

Juu ya meza. Bi Fawziya akatabasamu, lakini moyo ulishaingia doa. Mrusi angesema *na stole*: meza ni *stol*, na neno hubadili mkia kwa kazi linayofanya. Wabulgaria, ndugu zao, mikia hiyo wameiacha. Wao meza huiita *masa*, na wakikusudia meza fulani inayojulikana huibandika kijineno nyuma, ikawa *masata*. Huko Leningrad alilala chumba kimoja na Mbulgaria miaka minne. Hakosei.

Mtu husahau lugha aliyosoma, aliwaza, lakini hasahau kwa kutumia ya jirani.

Alhamisi iliyofuata akamtega, akamnyooshea gilasi ya maziwa. "Haya huitwaje?"

"Mlyako."

Moscow ni *moloko*; *mlyako* ni ya Sofia, mji mkuu wa Wabulgaria.

"Nasr mwanangu, Sofia ulikaa miaka mingapi?"

Nasr akaiweka gilasi chini. "Saba, bibi."

"Na Moscow?"

"Uwanja wa ndege tu. Nilibadilisha ndege."

"Kusoma Sofia si aibu. Umeficha nini huko?"

Nasr akasema, "Nina binti. Ana miaka minane. Wallahi niliogopa mkiulizia Sofia, mtasikia."

Pazia likasogea, Dalal akaingia. Alikuwa kasikia yote.

"Kuwa na mtoto si kosa," alisema. "Anakujua?"

"Nilimwacha anatambaa."

"Basi kaanze kwake. Mimi nitaposwaje na mtu anayemkana mwanawe?"

Nasr akaaga, akaondoka. Bi Fawziya alidhani mwenyewe atajisifu kwa ujanja wake wa kumnasa, badala yake akamwonea huruma, akaikasirikia huruma yenyewe.

Baada ya miezi mitatu simu ikalia. Nasr, kutoka Sofia, anaomba kuzungumza na Dalal. Nyuma yake sauti ya mtoto ilikuwa ikiuliza jambo kwa Kibulgaria. Bi Fawziya akampa Dalal simu, akavuta kiti, akakaa papo hapo kusikiliza.