Kitanda cha Kuazima

Mimba ya kwanza binti hujifungulia kwa mama yake. Ndivyo tulivyowakuta bibi zetu huku kwenye milima ya Mwese, na mimi sikuona sababu ya kuwavunjia desturi. Kwa hiyo mwaka ule wa mvua kubwa, tisini na saba, nilikwenda mwenyewe Kasokola kwa mume wake kumchukua binti yangu Dorice. Alikuwa na mimba ya miezi minane.

Mume wake, Method, alisimama uani akiangalia pembeni, kama mkwe anavyotakiwa.

"Mama, nisionekane sina adabu. Kutoka hapa hospitali ya Mpanda ni baiskeli tu. Na nesi ameandika kwenye kadi yake azalie hospitali. Anavimba miguu."

"Kadi nimeisoma. Hata sisi tuna zahanati sasa. Au nyie mnaokaa karibu na mji mnadhani serikali ni yenu peke yenu?"

Akaingia ndani kumtolea Dorice mzigo wake. Mkwe hajibizani na mama mkwe. Nami nikafurahi kwamba amenyamaza, Mungu anisamehe.

Zahanati yenyewe tuliijenga kwa mikono yetu, miaka mitatu. Wanaume walifyatua matofali na kuyachoma, sisi wanawake tukabeba maji na mawe kutoka mtoni mpaka nywele za utosini zikanyonyoka. Tuliambiwa tupandishe kuta, serikali italeta mabati, nesi na dawa. Mabati yalikuja. Nesi hakuja, wala dawa. Rafiki yangu Pudensiana kila tukipita pale alikuwa ananitania: "Mama Dorice, mjukuu wako akizaliwa humu tumwite Mabati, maana ndiyo tuliyopata."

Basi wiki mbili baada ya kumleta Dorice, mwenyekiti wetu wa kijiji, Thadei, akatangaza kwamba wageni wa mkoani wanakuja Alhamisi kufungua zahanati. Jumatano lori likafika na kitanda cha chuma, sanduku la dawa, na nesi aliyeitwa Prisila. Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Mimi nilicheza kuliko wote.

Alhamisi asubuhi Dorice aliamka kichwa kinamuuma, anasema macho yanaona ukungu. Nikampeleka moja kwa moja kwa nesi. Prisila alimpima presha, akapima tena, kisha akasukuma mlango ukajifunga.

"Mama, presha imepanda sana. Huyu aende Mpanda leo hii."

"Aende Mpanda kufanya nini? Si wewe uko hapa?"

"Niko hapa mpaka saa nane. Kitanda hiki na dawa hizi ni vya kule ninakofanya kazi. Vimeazimwa. Wageni wakiondoka, vinarudi, na mimi narudi navyo."

Nilitoka mbio kumtafuta Thadei. Nilimkuta anamwagia maji vumbi la uwanja. Akanivuta nyuma ya jengo.

"Dada yangu, sema polepole. Mkoani kuna fungu moja la pesa, na kila wilaya inalinyooshea mkono. Wanapewa wenye zahanati inayofanya kazi. Wakikuta chumba kitupu, fungu linakwenda kwa wengine, na sisi tutakaa miaka kumi mingine. Wakikuta kitanda, mwakani tunaletewa cha kwetu."

"Na Dorice? Magari yao yana nafasi. Wampeleke."

"Ukimpakia mgonjwa kwenye gari la wageni, si ndiyo umewaambia kwamba hapa hatutibu? Lori la kitanda litaondoka nyuma yao, njia ni hiyohiyo. Atapanda hilo. Ni saa chache tu, Mama Dorice. Saa chache."

Nilikumbuka yale mawe. Nikakubali.

Wageni walifika saa sita, Landrova mbili. Wakakata utepe, wakakibonyeza kitanda, wakafungua sanduku. Prisila alisimama pale na gauni lake jeupe, anaangalia sakafu. Halafu mgeni mmoja mnene, mwenye sauti ya upole, akatugeukia.

"Kina mama, hapa kuna shida yoyote? Semeni. Tumekuja kusikiliza."

Nilikuwa mbele. Dorice alikuwa amekaa nyuma ya ukuta, kanga usoni kwa sababu mwanga ulimchoma. Thadei aliniangalia. Nikafungua mdomo, na maneno yaliyotoka ni haya: "Hakuna shida. Tunaishukuru serikali yetu." Wenzangu wakapiga vigelegele. Yule mgeni akaandika kwenye karatasi yake.

Saa nane waliondoka kwa haraka, wingu lilikuwa limeziba milima. Vijana wakaanza kupakia kitanda kwenye lori. Tulipomshika Dorice mikono kumpandisha, akakakamaa, macho yakageuka, povu likamtoka. Prisila alipiga kelele tumlaze hapohapo kwenye kitanda, ndani ya lori. Akamchoma sindano aliyokuwa nayo. "Nimepungukiwa dawa, mama," aliniambia. "Hii haitoshi. Twende."

Tulifika kwenye mto wa njia ya Mpanda karibu saa kumi. Alama za matairi ya Landrova zilikuwa bado mbichi kwenye tope, zimeingia majini. Wao walivuka. Lakini mvua ilikuwa imenyesha juu milimani, na daraja la magogo lilikuwa chini ya maji, hatulioni. Dereva alishuka, akatumbukiza mti mrefu, ukachukuliwa. Akarudi akasema, "Mama, nikiingia hapa tunakufa wote."

Tukasubiri ukingoni maji yapungue. Dorice alikakamaa tena, mara ya pili, mara ya tatu. Mtoto alizaliwa humo kwenye lori, chini ya turubai, wa kiume. Hakulia. Mama yake hakumwona. Dorice naye alikata pumzi jua halijazama, mkono wake kwenye mkono wangu.

Method alikuja kuzika. Hakunilaumu hata neno moja. Afadhali angenilaumu.

Miezi sita baadaye kijiji kiliomba nesi. Barua ikarudi, Thadei akaisoma mkutanoni: zahanati yenu imeorodheshwa kwamba inafanya kazi, ina nesi, kitanda na dawa, na wananchi wenyewe wamethibitisha hawana shida. Fungu limepelekwa kwa wasio na kitu. Thadei hakuimaliza. Aliikunja, akakaa chini, akafunika uso. Watu wote walijua aliyethibitisha ni nani.

Jengo lipo. Mvua ikinyesha mbuzi wanaingia humo.

Nyie wenye mabinti, nawaomba. Kama binti yako yuko karibu na hospitali, mwache hukohuko, hata wakisema umemtupa. Nenda wewe ukakae naye. Na siku wageni wakija wakakuuliza kama kuna shida, usimwangalie mwenyekiti. Mshike mwanao mkono, umtoe mbele, wamwone.