Mbuzi wa Bimkubwa

Mbuzi yule alikuwa wa Bimkubwa. Nasema wa Bimkubwa ingawa tulimfuga sisi, akalala bandani kwetu na kutafuna kanga zangu mbili. Tangu ananyonya nilishamwekea nia: Krismasi hii atachinjwa, nitapika pilau, na Bimkubwa atakaa mkekani kwangu ale mpaka akatae mwenyewe.

Bimkubwa ni jirani yetu hapa Kirongwe, kisiwani Mafia. Nilipojifungua Brightness kwa upasuaji, nikarudi nyumbani na kidonda kilichogoma kupona, mama yangu yuko Rombo, na mume wangu Evaristo, bwana shamba mzima, hajui hata mtoto anashikwa upande gani. Bimkubwa aliingia bila kuitwa. Akamwogesha mtoto, akanikanda, akanikorogea uji, akarudi kesho yake na kesho yake tena, hadi nikasimama. Na kila Idi sahani yake hufika kwangu kabla hajala mwenyewe.

Mimi je? Kila Krismasi nilikuwa nafunga begi naenda Rombo, maana Mchaga asipoonekana nyumbani Desemba watu wanauliza kama amefilisika au amefungwa. Sasa Evaristo amepata uhamisho, Januari tunaondoka Mafia. Ilikuwa Krismasi hii au basi tena.

Nilijipanga. Zubery, mtoto wa Bimkubwa, angekuja asubuhi kuchinja, kwa sababu Waislamu hawali tulichochinja sisi, jambo ambalo hata Brightness analijua. Nikanunua na sufuria mpya Kilindoni, maana zile za zamani zimepikiwa kitimoto, nyama ya nguruwe, mara nyingi na siwezi kusema uongo.

Nisichokipanga ni baba mkwe. Mzee Emmanueli aliposikia hatuendi Rombo, alifunga safari akaja yeye, na mkungu wa ndizi begani. Kwake, Krismasi anachinja yeye na kugawa yeye, tangu alipozikwa baba yake. Nikamwambia Evaristo amweleze mapema habari ya mbuzi. Evaristo akasema sawa. Hiyo sawa ya Evaristo naijua, lakini mke wa mtoto ataanzaje kumwambia baba mkwe asichinje?

Alfajiri ya Krismasi nikatoka na ndoo, nikamkuta mbuzi ananing'inia kwenye mkorosho, keshachunwa. Baba mkwe alikuwa amekunja mikono ya shati, anatabasamu.

"Rudi ukalale, mama," akaniambia. "Leo usihangaike. Kazi nimeimaliza."

Na moto alishawasha. Juu ya mafiga ilikaa sufuria yangu mpya, na ndani yake kinachemka kisusio, ile supu yetu ya damu.

Mimi ni mtu wa hasira, wanafunzi wangu wa darasa la tatu watakuthibitishia. Nilitamani kuirusha ile ndoo hadi barabarani. Lakini baba mkwe hapandishiwi sauti. Nikasema, "Ahsante, baba," nikaingia ndani kumpandishia mwanawe.

"Hukumwambia?"

"Nilipitiwa," Evaristo akajibu, bado yuko ndani ya chandarua.

"Umepitiwa. Mimi mbuzi kanilia kanga mwaka mzima, wewe umepitiwa."

"Mzee ana nia njema, mama Brightness."

"Najua ana nia njema. Ndiyo maana sina hata wa kumgombeza, isipokuwa wewe."

Zubery akapiga hodi, kisu chake kakifunga kwenye gazeti. Akatazama mkorosho, akatazama sufuria. "Kumbe mshamaliza, Mwalimu," akasema kwa upole. "Haidhuru. Krismasi njema." Akarudi na kisu chake. Bora angenitukana.

Tukaenda kusali. Kigango chetu ni darasa moja la shule yetu, tunasogeza madawati na kutandika kitambaa cheupe kwenye meza ya mwalimu. Katekista akatuambia kila mmoja amshukuru Mungu kimoyomoyo kwa jambo moja. Miaka mingi nimesali kama mtu anayesaini mahudhurio: nipo, nimefika, tuendelee. Siku hiyo hata kusaini sikuweza. Nilimwambia Mungu waziwazi, nilitaka kumshukuru mtu mmoja tu kabla sijaondoka, na hilo nalo limeharibika, sasa unataka nikushukuru kwa lipi? Pembeni yangu baba mkwe anaimba kwa raha zake zote.

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa Bimkubwa. Nilimkuta barazani amejifunga kanga mpya, na wanja amepaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Mie nishavaa. Leo jikoni kwangu hapajawashwa moto, njaa yote naileta kwako."

Basi nikalia. Zubery hakuwa amemwambia kitu, kumbe alinisitiri. Nikamweleza yote, mbuzi, damu, sufuria, hadi kitimoto cha miaka ya nyuma. Nikaona midomo ya Bimkubwa inamcheza, anajizuia kucheka.

"Ndo unalia hivyo, kama umefiwa? Nyuma ya nyumba yako hamna muhogo?"

"Upo."

"Muhogo hauchinjwi, mama Braiti. Chukua chungu changu hicho, na nazi hizo. Lakini upike wewe, na upike kwako. Mie leo mgeni, sishiki mwiko."

Baba mkwe alinikuta nyuma ya nyumba nang'oa muhogo na gauni langu la kanisani, mkononi ana paja la mbuzi. "Mama, nyama yote hii, muhogo wa nini tena?"

Nikawa natafuta la kusema. Brightness hakutafuta.

"Babu, yule mbuzi alikuwa wa Bibi Bimkubwa. Ukichinja wewe, yeye hali. Baba alisahau kukuambia."

"Bimkubwa ndiye yule aliyekulea?"

"Ndiye."

Mzee akaiweka nyama kwenye beseni, akaingia ndani, na kupitia dirishani nikamwona amekaa kitandani, mikono juu ya magoti. Nilimwonea huruma sana. Hasira yangu juu yake iliisha palepale, ya Evaristo ikabaki.

Nikapika muhogo wa nazi. Kulikuwa na sahani ya Bimkubwa kwangu tangu Idi, naiona kila siku kabatini, nasubiri nipate cha kuirudishia, maana hapa sahani ya jirani hairudishwi tupu. Bimkubwa alipokuja, nikampakulia kwenye hiyo. Krismasi ya muhogo. Nilipouweka mkekani niliona aibu.

Brightness akaja na birika na beseni la kunawia. Kwetu maji yanaanza kwa mkubwa wa nyumba, kwa hiyo akaenda kwa babu yake. Baba mkwe akainuka, akampokea vyote viwili, akavuka mkeka, akapiga magoti mbele ya Bimkubwa. Magoti yake mabovu, hata kanisani siku hizi hayapigi.

"Mama," akasema, "lete mkono."

Bimkubwa akanitazama mimi. "Babu Braiti, mie ninawishwe na mwanamume mzima? Na mgeni, tena?"

"Mjukuu wangu ulimwogesha wewe," akasema. "Maji haya ni machache."

Bimkubwa akatoa mikono. Mzee akammiminia taratibu, akiangalia asimloweshe kanga. Kisha akarudi kuomba baraka ya chakula. Sala za baba mkwe tunazijua, wali hupoa. Safari hii alisema, "Mungu, ahsante kwa mama huyu," akakaa. Bimkubwa akasema bismillahi yake, akaanza kula.

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwambia, nimeyapanga tangu Novemba. Nikayaacha yote. Nilimwangalia anavyokula, nikaona kwamba tangu asubuhi nilikuwa namgombeza Mungu, naye muda wote yuko hapa uani kwangu na birika mkononi. Nikamshukuru. Sikusaini, nilimshukuru.

Bimkubwa akamaliza, akapangusa rojo kwa kidole. Nikajua sasa ataifunga sahani yake kwenye kanga aende nayo kwake, na mambo yaishie hapo. Akaninyooshea sahani.

"Niongeze, mama Braiti."